Kumfundisha mtoto kurusha na kudaka: anza na miguu

Msimu wa maembe unapofika, mtoto wa darasa la pili kule Mtama au Nanyamba, kusini mwa Tanzania, huokota kipande cha ukuni, hurudi nyuma hatua mbili, hugeuka ubavu na kutungua embe lililo juu kabisa, bila kufundishwa na mtu. Mtoto huyohuyo, akipewa mpira katika kipindi cha michezo na kuambiwa amrushie mwenzake, husimama wima, miguu ikiwa sambamba, akausukuma kwa kiwiko. Uwezo anao; kilichobadilika ni agizo. Kule mtini alitaka nguvu, huku ameambiwa asikose. Kwa hiyo mwalimu anayejenga stadi ya kurusha aanze na nguvu na umbali, na suala la shabaha aliache kwa wiki kadhaa.

Mpira wa miguu ubaki stoo, kwa kuwa haushikiki katika kiganja cha mtoto wa miaka saba. Mipira ya rambo imekuwa adimu tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, lakini mabaki ya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani, yakishindiliwa ndani ya soksi kuukuu na kufungwa kwa kamba, hutoa mpira unaofaa zaidi kwa somo hili, maana haudundi ovyo wala haumuumizi anayeukosa. Darasa la watoto 60 litengenezewe mipira 30, yaani mmoja kwa kila wawili. Kupanga mstari mrefu nyuma ya mpira mmoja ni kuwafundisha watoto kusubiri, na jua la Mtwara halina subira. Panga kipindi asubuhi, au tumia kivuli cha mikorosho.

Chora kwa majivu mstari wa kurushia, kisha sawazisha mchanga unaouzunguka kwa tawi. Mwambie mtoto arushe mbali kadiri awezavyo, na mpira ukiwa hewani usiufuate kwa macho: tazama mchanga. Nyayo mbili zilizo sambamba zina maana kwamba mkono umefanya kazi peke yake. Unyayo wa kulia ukiwa mbele kwa mtoto anayerusha kwa mkono wa kulia, amepiga hatua kwa mguu usio wake, na kiuno chake hakikuweza kuzunguka; hili ni kosa linaloonekana mara nyingi. Unachotafuta ni unyayo wa kushoto uliotangulia, na wa nyuma uliochimba mchanga upande wa vidole, kwa sababu hapo uzito wa mwili umetoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele.

Kumrekebisha, usimhutubie juu ya kiwiko, bega na kiuno kwa pamoja. Mgeuze ubavu, bega la kushoto lielekee anakorushia, chora duara dogo mbele yake na umwambie akanyage humo kwa mguu wa kushoto kabla ya kuachia mpira. Hatua ikikaa sawa, ndipo umwonyeshe kupeleka mkono nyuma, kiwiko kikiwa usawa wa bega, na kuuacha mkono upite mbele ya mwili hadi ushukie upande wa paja la kushoto. Kwa mtoto wa mashoto geuza kila kitu; adabu ya kupokea kwa mkono wa kulia haihusiani na kurusha, na kumlazimisha kunamharibia stadi.

Kudaka kuna adui mmoja, nao ni woga. Mtoto anayegeuza uso au kuukumbatia mpira kifuani anajikinga, kwa hiyo ajirushie mwenyewe kwanza, kisha mwenzake amrushie kutoka chini, kwa umbali wa mita mbili. Mpira ukija juu ya kifua, vidole vielekee juu. Ukija chini ya kiuno, vielekee chini. Na mikono irudi nyuma kidogo inapoupokea.

Baada ya hapo cheza rede, wasichana na wavulana pamoja. Wavulana wetu wengi hukua wakipiga teke tu, na wanapofika kwenye mpira wa wavu au wa mikono wakiwa wakubwa upungufu huo huonekana. Wawili husimama pande mbili wakirusha, na wa kati hukwepa huku akijaza chupa mchanga. Mwanzoni wa kati atakaa muda mrefu, kwa kuwa warushaji bado hukosa, hilo lisikusumbue. Lakini ukiona nyayo zao zimeanza kuwa sambamba tena, sitisha mchezo kwa dakika tano na uwarudishe kwenye mstari wa majivu, warushe mbali.