Tairi mpya ifungwe mbele: ushauri wa fundi wa Mamboleo

Kibanda changu cha kutengeneza baiskeli kiko Mamboleo, Kisumu, hapo barabara ya Kakamega inapomaliza kuteremka mlima wa Riat. Kinachochoka huko juu Kiboswa hunifikia mimi kikiwa kimepasuka.

Wabeba mizigo wana desturi ninayoipinga kila siku: wakinunua tairi mpya huifunga nyuma, na iliyochoka huihamishia mbele. Sababu yao naielewa. Gunia la makaa linakaa kwenye keria, kwa hivyo nyuma hulika haraka. Lakini tairi ya nyuma ikipasuka, baiskeli huyumba mkia na mara nyingi utaisimamisha. Ya mbele ikipasuka, usukani si wako tena. Mpya iende mbele. Iliyokuwa mbele, ikiwa bado nzima, ikamalizie siku zake nyuma.

Asubuhi kabla ya kufunga mzigo, zungusha magurudumu polepole ukiyatazama. Nyuzi zikionekana, tairi imekwisha hata kama meno bado yapo. Ukiona uvimbe ubavuni, usisafiri nayo. Kwenye baiskeli za gia angalia raba za breki: zikikaa juu kupita rimu, zitakula ubavu wa tairi mpaka tyubu ichungulie. Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni kwa PSI, kipimo cha mgandamizo wa upepo, na kidole gumba hakisomi PSI, ndugu yangu. Tafuta pampu yenye geji.

Pancha ikitokea usikimbilie solushoni, ile gundi ya kiraka. Tundu lenyewe husema limetoka wapi. Matundu mawili yaliyo sambamba ni ya upepo mdogo: uligonga shimo, rimu ikaibana tyubu. Tundu lililo upande wa rimu ni la kichwa cha spoku. Kata ukanda wa tyubu kuukuu uuzungushe kwenye rimu. La upande wa nje ni mwiba au waya. Waya ndio unaotusumbua zaidi hapa, kwa sababu tairi za malori zikipasuka humwaga vipande vya chuma vyembamba barabarani. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, kitanasa penye waya. Usipitishe kidole. Usipoutoa, kesho tunaonana tena, na mimi sikatai hela.

Sugua kwa msasa, paka solushoni nyembamba, kisha subiri kama dakika 5 mpaka isinate kidoleni. Wengi hubandika ikiwa mbichi halafu wanalaumu kiraka. Tairi irudishe kwa mikono. Bisibisi hutoboa tyubu papo hapo. Na tairi iliyochanika ubavuni? Hushonwa, hata mimi hushona, lakini ya kushona ni ya nyuma tu, tena ni ya kukufikisha dukani.

Riat usiishuke ukiwa umeng'ang'ania breki kutoka juu hadi chini. Rimu huchemka, na joto hilo linaweza kupasua tyubu. Finya, achia, finya tena, na ikibidi simama ipoe. Rimu za chuma zikilowa mvua, breki huchelewa kushika. Ya mbele ikipasuka, usiguse breki ya mbele: nyoosha usukani, sogeza uzito nyuma, finya breki ya nyuma kidogo kidogo. Ya nyuma ikipasuka, tumia ya mbele taratibu, maana gurudumu lisilo na upepo ukilikaza breki, tairi inaweza kuchomoka.

Walioanguka huja kwangu kabla ya kwenda hospitali, kwa sababu baiskeli huwauma kuliko goti. Mimi hutazama mtu kwanza. Akirudia swali lile lile, akitapika, akisinzia, au damu au maji yakitoka sikioni, ni Russia sasa hivi, yaani hospitali ya Jaramogi, na asipakiwe nyuma ya pikipiki. Akilalamika shingo, msimwinue. Pigeni 999 au 112.

Ninachokiogopa zaidi ni tumbo. Ncha ya usukani ikimchoma mtu, hasa mtoto, ngozi inaweza kubaki nzima huku ini au wengu ukivuja damu ndani, na maumivu yakaja baada ya saa kadhaa. Apelekwe akapimwe. Ndiyo maana siiachii baiskeli iondoke na bomba la usukani likiwa wazi.

Mtulinga ukivunjika, funga mkono kifuani kwa leso. Damu ikitiririka, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Michubuko ioshwe kwa sabuni na maji safi yanayotiririka mpaka changarawe iishe. Mafuta taa na grisi viacheni kwa cheni. Kidonda kichafu, na sindano ya pepopunda imepita miaka 5, kachomwe nyingine.

Kabla hujaipanda tena, itazame baiskeli kwa ubavu. Gurudumu la mbele likiwa limerudi karibu na pedali kuliko kawaida, foku, ile mikono miwili inayoshika gurudumu hilo, imepinda. Wengine huinyoosha kwa nyundo. Mimi nafunga nyingine. Kofia iliyogonga lami nayo itupwe hata kama ufa hauonekani, na kofia ya mtumba pale soko la Kibuye usinunue, kwa sababu hujui ilishaangukia wapi.