Castleton ya Derbyshire: tazama mvua kwanza, ndipo ukate tikiti

Wanaokodi nyumba Castleton kwa wiki moja hupanga hivi: siku ya jua mlimani, siku ya mvua mapangoni. Nusu ya kwanza ni sawa. Nusu ya pili ndiyo huwaangusha, kwa sababu mapango mawili kati ya manne ya kijiji hiki yana maji ndani. Mvua kubwa ikinyesha usiku kucha, asubuhi utakuta mlango umefungwa na watoto wako wameshavaa buti.

Kijiji kiko kati ya Sheffield na Manchester, ndani ya Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza kutangazwa Uingereza, mwaka 1951. Anayekuja kwa treni ashuke Hope. Kituo kiko nje kidogo ya kijiji cha Hope, na kutoka hapo hadi Castleton ni kama kilomita 4: saa moja kwa miguu, au subiri basi. Treni za haraka za Sheffield na Manchester nyingi hupita Hope bila kusimama, kwa hiyo hakikisha jina la Hope limo kwenye orodha ya vituo kabla ya kupanda. Basi la kutoka Sheffield hufika hadi kijijini, ila ratiba ya Jumapili si ile ya Jumatatu.

Mwenye gari akitokea magharibi atateremka Winnats Pass, barabara nyembamba kati ya magenge ya chokaa, yenye mwinuko wa zaidi ya mita 1 kwa kila mita 5. Shuka kwa gia ndogo badala ya kukanyaga breki mfululizo, na angalia kondoo, maana wao ndio wenye barabara.

Mapango: lipi kwa siku ipi

Peak Cavern liko kijijini kwenyewe, chini ya ngome. Mdomo wake ni mkubwa kiasi kwamba wasuka kamba waliishi na kufanya kazi humo kwa karne kadhaa. Jina lake la zamani ni Devil's Arse, yaani makalio ya Shetani, kwa sababu maji ya mafuriko yakipungua ndani hutoa sauti ambayo kila mtoto ataitambua. Ngazi si nyingi, kwa hiyo linamfaa mzee kuliko mengine.

Speedwell liko chini ya Winnats. Unashuka ngazi zaidi ya 100, unavaa helmeti, unapanda mashua na kupita kwenye mfereji uliochimbwa na watafuta madini ya risasi katika karne ya 18. Dari ni la chini kabisa. Mtu mrefu hukaa ameinama njia nzima. Anayeogopa kubanwa asijaribu, kwani katikati ya mfereji hakuna pa kushukia.

Haya mawili ndiyo yanayoathiriwa na mafuriko. Baada ya mvua kubwa, tazama tovuti yao au piga simu kabla ya kutoka. Treak Cliff na Blue John yako juu zaidi kwenye mteremko, na hayasumbuliwi hivyo. Blue John lina ngazi zaidi ya 200, na ulizoshuka ndizo utakazopanda, hakuna mlango mwingine. Magoti mabovu yaende Treak Cliff.

Jiwe la Blue John, lenye mistari ya zambarau na manjano, hupatikana eneo hili tu, na bado huchimbwa kwa kiasi kidogo. Ni jiwe dhaifu: fundi hulinywesha gundi maalumu kabla ya kulikata, la sivyo humeguka. Ukinunua pete, usishangae kuambiwa ina gundi ndani, huo si utapeli. Kuokota vipande mlimani hairuhusiwi.

Ndani ya mapango yote joto ni nyuzi 10 hivi, iwe Januari au Julai. Beba sweta hata kama nje watu wanakula aiskrimu.

Mam Tor

Mlima huu wa mita 517 si kitu kwa mtu wa Lushoto. Upepo na ukungu ndivyo vinavyochosha. Mzunguko mzuri ni kama kilomita 9, saa tatu na vituo vyake: toka kijijini kuelekea magharibi, fuata barabara ya zamani, panda hadi kileleni, pita juu ya mgongo wa mlima hadi Hollins Cross, kisha teremka upande wa kulia urudi Castleton. Usiuzungushe kinyume. Hapa upepo huvuma zaidi kutoka magharibi, na kwa njia hii unakusukuma mgongoni.

Hiyo barabara ya zamani itazame vizuri. Ilikuwa njia kuu hadi mwaka 1979, mlima ukaishinda. Udongo wa Mam Tor huteleza kila mvua zikizidi, na pale lami ilipopasuka utaona tabaka juu ya tabaka, kila moja likiwa jaribio jingine la kuitengeneza. Sasa wanapita watembea kwa miguu na baiskeli tu.

Kileleni njia imetandikwa mawe, hivyo viatu vya kawaida vyenye meno vinatosha kiangazi. Mteremko wa Hollins Cross ni tope. Njia hii ndiyo watu wa Edale waliyobebea majeneza kuja kuzika Castleton, kabla hawajapata kanisa lao katika karne ya 17. Ukishuka ukiwa na begi jepesi tu na bado unateleza, utawaonea huruma.

Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Anza asubuhi. Mtandao wa simu hukatika mabondeni, kwa hiyo pakua ramani kabla, au nunua ile ya karatasi ya Ordnance Survey, namba OL1. Ukipata ajali piga 999, omba polisi, kisha waambie unahitaji waokoaji wa mlimani.

Siku ya mvua kubwa

Nenda Eyam, kama dakika 20 hivi kwa gari. Mwaka 1665 tauni iliingia hapa na kitambaa kutoka London, na wanakijiji, wakiongozwa na kasisi William Mompesson, wakakubali kujifungia wasiwaambukize majirani. Inasemekana walikufa 260. Kwenye jiwe la mpakani, kwenye njia ya kwenda Stoney Middleton, bado kuna mashimo walimoweka sarafu ndani ya siki, wenzao wa nje wakizichukua na kuacha chakula. Mvua ikipungua, tembea hadi Riley Graves nje ya kijiji: Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita hapo ndani ya siku nane, peke yake.

Au subiri mvua ipite, uende bwawa la Ladybower. Likijaa, maji ya ziada humiminika ndani ya mashimo mawili makubwa ya duara yaliyo kando ya ukuta. Kiangazi kwa kawaida utaona mashimo makavu tu, kwa hiyo hii ni safari ya majira ya baridi.

Chakula cha kijijini ni cha baa na vyumba vya chai. Anayekula halali tu anunue nyama yake Sheffield au Manchester kabla ya kuja.

Tarehe 29 Mei kuna Garland Day: mtu hupanda farasi akiwa amefunikwa maua kuanzia kichwani hadi kiunoni, na baadaye maua hayo huvutwa kwa kamba hadi juu ya mnara wa kanisa. Ikiangukia Jumapili hufanyika Jumamosi. Siku hiyo maegesho hujaa mapema. Acha gari ulikolala.