Kompyuta ya michezo ya zamani iliyoongezwa kasi: kuchagua vipuri na kuipoza ukiwa Mwanza

Anayetaka kuunda kompyuta ya kuchezea michezo ya miaka ya 2000, kisha aiendeshe kwa kasi inayozidi ile iliyopangwa kiwandani, inampasa ajue mambo mawili kabla hajanunua kipuri hata kimoja: chumba kitakachokaa mashine kina joto kiasi gani saa tisa alasiri, na umeme unaofika kwenye soketi ya ukutani ukoje. Miongozo mingi tunayoisoma iliandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao chumba chao kina nyuzijoto 20 na hitisinki (chuma chenye mapezi kinachonyonya joto la chipu) yoyote nzuri inawatosha. Mwanza nyuzijoto 28 hadi 30 mchana ni jambo la kawaida karibu mwaka mzima, na ndani ya nyumba ya bati isiyo na dari, au iliyojengwa katikati ya mawe ya milimani kama zile za Mabatini na Igogo, joto huzidi hapo na hukawia kushuka hata baada ya jua kuzama. Hewa yenyewe pia ni nyepesi. Uso wa Ziwa Victoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Dar es Salaam, kwa hiyo feni inayozunguka kwa kasi ileile hubeba joto kidogo zaidi.

Kwa sababu hiyo ninashauri uchague prosesa (chipu kuu inayofanya kazi ya hesabu zote) ambayo kiwanda kiliiachia nafasi ya kutosha, ili uiongeze kasi bila kugusa volti, au kwa kuzigusa kidogo sana. Joto la prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa mraba. Chukua Intel Core 2 Duo E8400 ya mwaka 2008, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayofaa kuliko zote kwa mashine ya Windows XP. Saa yake ya msingi, yaani mapigo yanayoongoza kasi yake, ni megahezi 333, ikizidishwa mara 9 unapata gigahezi 3.0. Ukiipandisha saa hiyo hadi 400, unapata gigahezi 3.6. Volti zikibaki palepale, tuseme 1.25, joto linaongezeka kwa asilimia 20. Ukizipandisha hadi 1.35, ongezeko linafika asilimia 40, na prosesa iliyopangiwa wati 65 inakuwa ya wati 91. Kasi ni ileile katika hali zote mbili, ila ya pili inakudai hitisinki kubwa zaidi, feni zaidi na pawasaplai (kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme) yenye nguvu zaidi. Ndiyo maana ni heri uridhike na gigahezi 3.4 zinazopatikana kwa volti za kiwandani kuliko kung'ang'ania 3.6 kwa gharama hiyo.

Prosesa ya aina hii hupatikana ndani ya kompyuta za mtumba za ofisini, ambazo bei yake si kubwa. Tatizo ni mazabodi yake, yaani bodi kuu inayobeba vipuri vyote: BIOS (programu ya mipangilio iliyomo ndani ya bodi) ya kompyuta za ofisini kwa kawaida imefungwa, na mahali pa kubadilisha saa ya msingi hapaonekani kabisa. Toa prosesa humo, lakini tafuta mazabodi iliyouzwa kwa ajili ya watu wanaojiundia mashine wenyewe, yenye chipuseti (chipu zinazoisimamia bodi) ya Intel P35 au P45. Usiilipie kabla hujaikagua kwa macho. Washa tochi ya simu na uimulike soketi ya prosesa kwa mshazari: pini zote zinapaswa kung'aa kwa mstari mmoja, na ile iliyopinda itajitokeza kwa kumeta peke yake au kwa kuacha kidoa cheusi katikati ya safu. Kisha pitisha kidole juu ya kapasita (vikopo vidogo vinavyotuliza umeme) zilizo kando ya soketi. Kichwa cha kapasita nzima ni bapa. Kikiwa kimevimba hata kidogo, au kina ukoko wa kahawia kwenye mikato yake, mazabodi hiyo haifai kuongezwa kasi mpaka fundi azibadilishe zote. Bodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilifungwa kapasita zenye kimiminika kibovu, na joto huharakisha kufa kwake. Zenye kapasita kavu, ambazo kichwa chake hakina mikato, ndizo za kupewa kipaumbele.

Kwa kadi ya picha, Radeon HD 4670 inatosha michezo mingi ya enzi hiyo, inakula wati zisizozidi 60 na haihitaji waya wake wa umeme. GeForce 8800 GT ina nguvu zaidi, lakini inafikia wati 105, na hitisinki yake nyembamba ya kiwandani huhemewa katika joto la huku. RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya DDR2-800 ya gigabaiti 2 hadi 3 inatosha, kwani Windows XP ya biti 32 haitumii hata gigabaiti 4 kamili.

Pawasaplai isichaguliwe kwa namba iliyoandikwa ubavuni. Ishike mkononi: yenye wati 400 za kweli ni nzito, kwa kuwa ndani yake kuna koili, transfoma na hitisinki za kutosha. Mashine hii yote itakula kama wati 200, hivyo pawasaplai ya kweli ya wati 350 hadi 400 inatosha. Nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye 115 upande mmoja na 230 upande wa pili, na zilizotoka Marekani huja zikiwa kwenye 115. Iangalie swichi hiyo kabla ya kuchomeka, kwani ukiiacha hapo katika umeme wetu wa volti 230 pawasaplai inalipuka papo hapo. Weka stebilaiza, au UPS (yenye betri ya akiba umeme ukikatika) ukimudu, na uhakikishe soketi yako ina waya wa ethi.

Tukija kwenye upoezaji wenyewe, hitisinki ndefu yenye mabomba ya shaba na feni ya milimita 120 ndiyo chaguo langu. Feni kubwa inayozunguka taratibu inasukuma hewa nyingi bila kelele. Hitisinki nyingi za soketi hii hushikwa kwa pini nne za plastiki za kubonyeza, nazo hulegea. Ikiwezekana tafuta yenye skrubu na bamba la nyuma. Pesti ya joto iliyokauka ifutwe kwa spiriti, kisha uweke tone la ukubwa wa punje ya mchele katikati na uiache hitisinki yenyewe ilisambaze.

Usishawishike kupoza kwa maji ya barafu wala kwa kifaa chochote kinachoshusha joto chini ya lile la chumba. Hewa ya nyuzijoto 27 yenye unyevu wa asilimia 70, ambayo si ngeni kandokando ya ziwa, huanza kutoa umande kwenye kitu chochote chenye nyuzijoto 21 kushuka chini, na umande huo utatua juu ya mazabodi yako.

Kasha liwe na feni mbili za kuingiza hewa mbele na moja ya kutoa nyuma, ili hewa ndani iwe na msukumo wa kuelekea nje na vumbi lisipenyee kwenye kila upenyo. Mbele funika kwa wavu wa dirishani wa kuzuia mbu, uwe mpana kuliko feni zenyewe ili usizinyime hewa. Wavu huo unazuia pia usubi wa ziwani, ambao hufuata mwanga usiku na kufyonzwa na feni hadi kuziba mapezi ya hitisinki.

Sasa ongeza kasi. Ndani ya BIOS, ifunge saa ya PCI Express (njia inayounganisha kadi ya picha na bodi) kwenye megahezi 100 na volti za prosesa uziandike mwenyewe, kwa kuwa bodi ikiachiwa uamuzi huzipandisha kimyakimya. Panda kwa megahezi 10 kila hatua. Pima RAM kwa programu ya Memtest86+, kisha prosesa kwa ile ya Prime95 kwa saa moja au zaidi, huku ukitazama joto. Kipimo cha mwisho kifanyike alasiri, kwa sababu mashine iliyofaulu alfajiri katika nyuzijoto 22 itakuwa na joto zaidi kwa takribani nyuzi 9 chumba kikifika 31. Joto la ndani ya prosesa likivuka 75 wakati huo, rudi nyuma hatua moja. Wavu uoshwe kila unapoona umebadilika rangi, na hitisinki ipulizwe kwa blowa, ukiwa umezishika feni kwa kidole zisizunguke.