SOMO: Jinsi ya kuwaona dinoflajelata wa Ghuba ya Winam

Ziwa Victoria likigeuka kijani tu, simu yangu inajaa picha za ufuo wa Dunga, Kisumu: "Mwalimu, hii ndiyo dinoflajelata?" Siyo. Dinoflajelata ni viumbe wadogo wa seli moja, wa kutazamwa kwa hadubini. Utando ule mzito wa kijani ni sayanobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, mara nyingi aina ya Microcystis. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

1. Vaa glavu.

2. Chota maji mchana, mbali na utando. Dinoflajelata huogelea: mchana hupanda kufuata mwanga, usiku hushuka.

3. Gawa maji hayo katika chupa mbili.

4. Iodini. Hapa ndipo watu huharibu. Chupa moja itie iodini ya Lugol (myeyusho wa iodini wa maabara) tone kwa tone, maji yakifika rangi ya strungi nyepesi, ACHA. Dinoflajelata huhifadhi wanga mwilini. Ukimimina ovyo wanageuka weusi tititi, huoni mabamba ya selulosi yanayowafunika wala mfereji unaowazunguka kiunoni. Spiriti usiguse, wasio na mabamba hunyauka. Chupa ya pili usiitie kitu, usiianike juani, na uitazame siku hiyohiyo. Ndiyo itakayokuonyesha mwendo wao na rangi yao ya hudhurungi.

5. Ya iodini itulie usiku kucha. Ondoa maji ya juu taratibu, chukua tone la chini.

6. Kwenye hadubini anza na ukuzaji wa mara 100, kisha 400. Ceratium, mmoja wa dinoflajelata, utamjua kwa pembe.

MASWALI

Otis_K: Kwa hivyo ile kijani ni Ceratium?
— Rudi juu usome.

Otis_K: Si nimeuliza tu! Nikiyachemsha nitakunywa?
— Usinywe. Sumu ya Microcystis hushambulia ini, na kuchemsha hakuiondoi.

NyarKisumu: Mwalimu, wangu anajizungusha huku akienda mbele. Mbona?
— Umetazama vizuri, dada. Ana mijeledi miwili, yaani nyuzi za kuogelea: mmoja umelala kwenye mfereji wa kiunoni, huo humzungusha, mwingine umeachiwa nyuma. Na si wote wanaotegemea jua, wengi huwinda. Baharini jamaa zao huishi ndani ya matumbawe na kuyalisha sukari. Maji yakizidi joto ushirika huo unavunjika, matumbawe yanabaki meupe. Pwani yetu iliyaona hayo 1998.

Jabali: Ndio wanaong'aa usiku?
— Baadhi ya wale wa baharini. Wa maji baridi hawang'ai.

NyarKisumu: Picha zangu zinatoka na ukungu.
— Funga simu kwenye hadubini kwa raba bendi, kisha piga kwa kipima muda, usiguse kioo.

Otis_K: Raba bendi ya saizi gani?