Cape Town si ya kwenda mwezi wowote
Wewe unayepanga kutoka Kampala kwenda Cape Town, usihesabu misimu kwa mvua za kwetu. Kule mvua na baridi huja pamoja, Juni hadi Agosti, na usiku joto hushuka hata chini ya nyuzi 10. Desemba na Januari ni jua kavu, ila bei hupaa, na upepo wa kusini-mashariki ukikaza, magari ya kebo ya kupanda Table Mountain husimamishwa. Mimi ningechagua Machi. Koti la kuzuia upepo katafute soko la Owino hapo Kampala, mitumba mizuri haikosekani, na sweta moja ya jioni. Mwavuli uache, utapinduliwa tu. Halafu adapta: plagi zao nyingi zina miguu mitatu minene ya duara, chaja yako haitaingia.