Taa ya eabegi haizimi: namna ya kusaka waya uliokatika au shoti bila kujilipulia

Ukifungua swichi, taa ya SRS (ndo hiyo taa ya eabegi, SRS ni mfumo wote wa eabegi) inatakiwa iwake kidogo halafu izime yenyewe, kwenye Toyota ni kama sekunde 6 hivi. Ikigoma kuzima maana yake kontroliboksi, ile kompyuta inayosimamia eabegi, imeona hitilafu, na siku ya ajali eabegi inaweza isifunguke kabisa. Kuna mafundi wanachomoa balbu, wengine wanaunganisha waya wa taa hiyo na taa ya oili ili zizime pamoja, huko ni kumdanganya mwenye gari kwenye jambo la uhai wake, usifanye hata akikuomba mwenyewe. Hapa nachukua eabegi ya dereva kwenye Toyota maana ndo inaletwa sana gereji, magari mengine njia ni ileile ila namba zinabadilika.

Hatua ya 1: soma namba ya kosa kabla hujagusa waya
Tafuta skana (kifaa cha kusoma makosa ya gari) inayoingia kwenye SRS, zile ndogo za chekinjini peke yake nyingi haziingii. Kwenye Toyota nyingi B1801 ni saketi ya eabegi ya dereva imekatika, B1800 ni shoti. Andika pembeni ndo ufute, kosa likirudi hapohapo lipo muda wote, likikaa siku mbili ndo linarudi basi kuna plagi imelegea au waya unaguswa gari likitikisika. Betri nayo ipime mapema, ikiwa dhaifu taa inaweza kuwaka bila waya wowote kuwa na shida.

Hatua ya 2: toa tamino ya hasi ya betri na usubiri
Kwenye kontroliboksi kuna kapasita zinazotunza moto ili eabegi ifunguke hata betri ikikatika kwenye ajali, kwa hiyo kutoa tamino hakutoshi. Toyota wanasema sekunde 90, mimi nasubiri dakika 3 na zaidi, haina haraka.

Hatua ya 3: toa eabegi
Skrubu zipo pembeni ya usukani, nyingi ni za nyota T30. Shika chuma cha bodi kwanza mikono itoe umeme tuli, halafu chomoa plagi ya njano taratibu. Ukiibeba uso wake uangalie mbali na wewe, ukiiweka mezani uso juu, usiilaze kifudifudi kamwe sababu ikilipuka itaruka yenyewe juu kama bomu.

Na hili nalisema kwa msisitizo: USIPIME EABEGI YENYEWE KWA MULTIMITA wala taa ya testa. Ule umeme mdogo wa multimita unapita kwenye kiwashio, kile kinacholipua eabegi, na kiwashio hakijui kama wewe ni fundi.

Hatua ya 4: weka rezista mahali pa eabegi
Hapa ndo kazi yenyewe ilipo. Kiwashio kina ukinzani wa kama ohm 2 hadi 3, so chukua rezista ya ohm 2 na kidogo ili kontroliboksi ione kama eabegi ipo, ichomeke kwenye plagi ya gari (upande wa waya sio upande wa eabegi), rudisha tamino, fungua swichi, futa kosa usome tena. B1801 ikipotea basi shida ni eabegi au plagi yake. Ikibaki, zima, toa tamino, subiri tena vilevile, halafu hamisha rezista chini ya usukani kwenye plagi ya njano inayoingia kwenye kloksipringi, ule utepe uliojikunja unaopitisha umeme huku usukani unazunguka. Kosa likipotea hapo kloksipringi ndo imekatika, na mara nyingi utakuta honi na vitufe vya usukani navyo vinagoma. Likibaki, shida iko kwenye waya unaoenda kontroliboksi au kontroliboksi yenyewe.

Hatua ya 5: hakikisha kwa multimita, ila jihadhari na plagi
Kloksipringi ukishaichomoa pande zote mbili unaweza kuipima bila wasiwasi, zungusha polepole mwisho hadi mwisho huku unaangalia namba, isizidi ohm 1 na isirukeruke. Kwenye waya kuna mtego: plagi nyingi za SRS zina kibati ndani kinachogusanisha nyaya mbili ukishachomoa, ni ulinzi, ila multimita itakuonyesha shoti ambayo haipo. Ingiza kipande cha karatasi ngumu kukiinua kibati ndo upime.

Kama kosa ni la mkanda au eabegi ya pembeni, anzia chini ya siti. Gari likioshwa ndani kapeti linabaki na maji, plagi zinaota kutu ya kijani, au siti inasogezwa mbele nyuma mpaka waya unavutika. Safisha kwa kontakti klina, bana vizuri, usikate plagi ukasokota waya na selotepu maana kontroliboksi inahesabu hata nusu ohm.

Hatua ya 6: kurudishia
Matairi yawe yamenyooka, kloksipringi mpya iwekwe katikati kwa kuizungusha mpaka mwisho halafu kuirudisha nyuma kama mizunguko 2 na nusu, ukikosea inakatika siku ya kwanza ukikata kona. Rezista TOA, usimwachie mteja taa imezima na eabegi haipo kwenye saketi. Rudisha eabegi, tamino mwishoni, futa kosa, washa gari, kata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia mara kadhaa huku unaangalia ile taa, ikibaki imezima soma skana mara ya mwisho ndo umkabidhi mwenyewe ufunguo.