Kabla hujaanza, na kabla hujaacha, dawa ya kukinga fangasi baada ya kupandikizwa kiungo

Andika dawa zako zote, za mitishamba zikiwemo, umwoneshe daktari anayekufuatilia kiungo. Balungi usile. Vumbi la ujenzi, mboji na kinyesi cha ndege, kaa navyo mbali.

Uliza dawa uliyopewa inazuia fangasi gani. Flukonazoli huzuia aina nyingi za kandida, lakini haimfanyi kitu aspajilasi anayeshambulia mapafu. Vorikonazoli humzuia aspajilasi, ila fangasi wa kundi la mukori humponyoka. Kwa hiyo kikohozi usikipuuze eti unameza kinga. Homa nayo usiingoje ipande, maana steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili, huificha.

Uliza inamezwaje. Vidonge vya vorikonazoli ni saa moja kabla au saa moja baada ya kula. Vya posakonazoli unaweza kuvimeza pamoja na chakula. Ukiwa kwenye vorikonazoli, jikinge na jua.

Sasa hili la kuacha, nisikilize vizuri. Kaka yangu alipandikizwa figo. Alipoanzishiwa vorikonazoli, dozi yake ya takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usikikatae kiungo, ilishushwa hadi theluthi moja, na ilikuwa sahihi: dawa hizi za fangasi huzuia kimeng'enya cha ini kinachovunja takrolimasi, hivyo inarundikana kwenye damu. Miezi ikapita. Daktari mwingine akamwambia boksi likiisha, basi. Likaisha, tukafurahi kupungukiwa na vidonge. Hakuna aliyeirudisha takrolimasi juu, na sisi hatukuuliza. Ini likarudia kazi yake, dawa ikawa inavunjwa haraka, kiwango kikaporomoka naye hahisi lolote. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ilipopanda, figo ilikuwa imeshaanza kukataliwa. Akatundikiwa steroidi nyingi kwa mshipa, ambazo ndizo humfungulia fangasi mlango upya. Figo ilibaki, lakini haikurudi ilivyokuwa.

Basi siku ya kwanza tu, uliza: naacha lini, nani atapandisha takrolimasi, na damu itapimwa siku gani? Tarehe ziandikwe. Wasipokujibu, usitoke chumbani.

Vivyo hivyo ukipewa dawa ya kifua kikuu, ya kifafa, hata antibiotiki ya siku tano: piga simu kwanza. Rifampisini ya kifua kikuu peke yake inaweza kuishusha takrolimasi na kinga ya fangasi kwa pamoja. Namba ya kliniki iwepo kwenye simu ya mtu mwingine wa nyumbani pia, na dawa za akiba zisipungue za wiki moja.